Niliandika Kosa la Nyangeta, Nikaficha Langu

Nina miaka arobaini na mmoja. Ni muuguzi, na ninaishi na watoto wangu wawili hapa mkoani Mara. Mume wangu yuko machimboni huko Geita, anarudi anapopata nafasi. Lakini simulizi yangu haimhusu yeye. Najua wengi mkisikia mwanamke amempoteza mtu mnafikiria mambo ya mapenzi. Mimi niliyempoteza ni rafiki... na nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa ofisini mchana kweupe, nimeshika kalamu.

Sitaki mnionee huruma. Nataka tu msome mpaka mwisho.

Rafiki yangu anaitwa Nyangeta. Kwao ni Butiama, ila ameolewa Bunda, pale Nyasura. Tulisoma pamoja chuo cha uuguzi, tukalala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka miwili. Baadaye Mungu akatukutanisha tena, tukaajiriwa kituo kimoja cha afya hapa Musoma, naye akapanga chumba karibu na kwangu. Mimi nilikuwa wodi ya wazazi, yeye chumba cha chanjo.

Nikuelezeje Nyangeta mpaka umwelewe? Nilipojifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji, kidonda kiliharibika. Nililala hospitali wiki tano, maziwa yakakauka. Nyangeta alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa miezi mitano. Alimchukua binti yangu Rahel siku ya tatu, akampima kwa macho, akasema, "Huyu ana njaa." Kwa kuwa sisi ni wauguzi, alienda kwanza kupima damu, akaniletea majibu kitandani nione. Ndipo akafungua blauzi. Mmoja titi la kulia, mwingine la kushoto. Wiki tano nzima.

Mama yangu alikuja kutoka Bugwema kunisalimia, akamkuta Nyangeta amekaa na watoto wawili kifuani. Akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akamshukuru kwa Kijita. Nyangeta akaona aibu, akamwinua.

Huyo ndiye niliyemwandika.

Ilianza Ijumaa. Mama yake Nyangeta alikuwa anaumwa kisukari, amekatwa vidole vya mguu, na hakuwa na mtu wa kumuuguza kule Butiama. Kila mwisho wa wiki Nyangeta alikuwa anakwenda. Mara nyingine Jumatatu alichelewa kurudi, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshapewa barua ya onyo. Aliambiwa wazi kwamba kosa jingine, hata dogo, litamwondoa kazini.

Ijumaa hiyo alichemsha maji ya chai. Soketi ya pili ya chumba chake ilikuwa imekufa siku nyingi, akachomoa plagi ya friji ya chanjo, akachomeka birika. Chai ikaiva. Akapigiwa simu kwamba mama amezidiwa. Akafunga chumba, akaweka ufunguo kwenye mkoba, akakimbilia gari.

Friji haikurudishwa kwenye umeme.

Jumamosi na Jumapili muuguzi wa zamu alitakiwa kuangalia joto la friji na kuliandika. Hakuweza kuingia. Ufunguo ulikuwa Butiama.

Jumatatu asubuhi Nyangeta alinifuata wodini, akaniambia kwa sauti ya chini nije mara moja. Nilipoingia chumba cha chanjo alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango uko wazi. Niliingiza mkono. Kulikuwa na joto kama kabatini. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yametulia chini.

"Perusi, nimekwisha," akasema.

Hakulia. Alikuwa ameshachomeka plagi. Mezani kulikuwa na karatasi ya joto, na nilipoitazama niliona Jumamosi na Jumapili zimeshajazwa. Nyuzi joto nne, nyuzi joto tano... mwandiko wake mzuri, kama vile alikuwepo.

Aliniomba siku tatu tu. Alhamisi gari la wilaya lingeleta chanjo mpya, naye angezitupa hizi polepole, hakuna mtoto ambaye angechomwa. Mpaka hapo angewaambia akina mama chanjo zimekwisha, warudi Ijumaa. "Siku tatu, Perusi. Mama hana mtu mwingine."

Nikasema sawa. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungesemaje? Mtu aliyemnyonyesha mwanao?

Jumanne mchana mganga mfawidhi alitukusanya. Huyu ndiye mkuu wa kituo, mzee mpole, hapendi maneno mengi. Akasema boti ya kwenda kisiwa cha Rukuba, iliyokuwa iende wiki inayofuata, imepatikana mapema na itaondoka kesho. Watoto wa kambi za wavuvi walikuwa hawajachanjwa muda mrefu. Akamtaja mhudumu mmoja wa kubeba vifaa. Nyangeta angebaki na chumba chake, kwa hiyo akataja mwingine wa kwenda kuchoma.

Perusi.

Nilimtazama Nyangeta. Yeye alikuwa anatazama sakafu.

Jumatano asubuhi alinipangia kisanduku cha chanjo. Alipanga barafu vizuri pembeni, katikati akaweka vichupa. Kila kichupa kina kialama kinachobadilika rangi chanjo ikipigwa na joto. Nilivitazama. Vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Nikamuuliza tufanyeje. Akasema nikisema hakuna chanjo, mfawidhi atafungua friji mwenyewe, maana wiki iliyopita yeye ndiye aliyesaini kuzipokea. Akasema kwamba pengine hazijafa zote. Akasema atatafuta njia ya kuwarudia wale watoto baadaye.

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema naumwa, siendi. Nilichukua kisanduku, nikashuka mwaloni, pale ufukweni zinapofungwa boti, nikapanda.

Rukuba niliwachoma watoto kumi na saba.

Mama mmoja simsahau. Alikuja na mtoto wa miezi tisa, amemfunga kwa khanga iliyofifia. Alikuwa wa kwanza kufika na alitaka awe wa kwanza kuhudumiwa. Nilipomaliza hakuondoka. Akaniuliza, "Sista, sasa huyu surua haimpati tena?"

"Haimpati, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaniambia mtoto wake wa kwanza surua ilimchukua. Alisema hivyo kama mtu anayetaja habari ya kawaida, huku anamfunga huyu mgongoni. Halafu akaniletea furu wakavu kwenye mfuko, akasema nikawapikie watoto wangu.

Nilibeba wale samaki mpaka nyumbani. Niliwaweka juu ya meza, nikakaa nawatazama. Watu husema moyo ulimuuma, mara moyo ulimchoma. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa na unajua ni wako, lakini hausemi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi. Sikupitia chumba cha chanjo. Sikumwambia Nyangeta kwamba ninakwenda, na zilikuwa hatua kumi tu kutoka mlango mmoja mpaka mwingine. Hapo ndipo nilipomkosea Nyangeta mara ya kwanza.

Nilimwambia mfawidhi kuhusu friji, kuhusu karatasi ya joto, kuhusu Rukuba. Hakunikatiza. Mwishoni akasukuma karatasi mbele yangu.

"Andika yote, Perusi."

Nikaandika. Ijumaa nikaiandika vizuri, Jumatatu nikaiandika vizuri. Jinsi Nyangeta alivyojaza karatasi ya siku ambazo hakuwepo. Kurasa mbili zikajaa. Nilipofika Jumatano, mkono ukasimama. Kisha nikaandika, *Chanjo hizo zilitumika Rukuba siku ya Jumatano.*

Zilitumika... Nani alizitumia? Sikuandika. Kana kwamba vichupa vilipanda boti vyenyewe, vikawachoma watoto vyenyewe.

Mfawidhi alisoma, akavua miwani. "Wewe uliyajua lini haya?"

"Nimeyajua leo asubuhi," nikajibu, na hilo nikaliongeza chini ya karatasi.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyekuja kusema.

Siku hiyo hiyo chanjo zote ziliondolewa. Zilipoletwa mpya, tulirudi Rukuba. Nilitumwa mimi tena, kwa kuwa akina mama walishanizoea. Yule mama aliniuliza mbona ulisema kabisa. Nikamwambia friji iliharibika. Akanipa tena mtoto wake mikononi, bila kinyongo. Watoto kumi na saba walipatikana wote, na mpaka leo sijasikia yeyote aliyepatwa na ugonjwa. Kwa hilo namshukuru Mungu. Ni jambo pekee katika habari hii ninaloweza kulitaja bila kuinamisha kichwa.

Nyangeta alisimamishwa kazi, kisha akaitwa mbele ya kamati. Mimi niliitwa pia kwa kuwa ndimi niliyekwenda kisiwani. Tulikaa kwenye mabenchi yanayotazamana. Barua yangu ilikuwa ndani ya faili, haikusomwa kwa sauti. Mwenyekiti alisema tu kwamba taarifa ilitoka kwa mtumishi mwenzake.

Wakamuuliza Nyangeta, "Nani mwingine alijua kwamba friji ilizima?"

Macho yake hayakuja upande wangu kabisa. Nadhani aliogopa wasije wakayafuata.

"Hakuna," akasema. "Nilijua mimi peke yangu. Aliyekwenda Rukuba nilimpa kisanduku kimefungwa, hakujua kitu."

Nilikuwa nimekaa pale. Nilisikia kila neno. Wakanigeukia, wakaniuliza kama ni kweli.

Nikasema, "Ni kweli."

Alifukuzwa kazi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo naamka nalo na sijui niliwezaje kulifanya. Nyangeta hakujua kwamba ni mimi. Alidhani ni Bhoke, mwanamke anayefanya usafi pale kituoni, kwa sababu Bhoke ndiye aliyepiga deki yale maji ya barafu Jumatatu. Aliacha kuitika salamu yake. Aliwaambia watu kanisani kwamba Bhoke ni mchawi wa mkate wa mwenzake. Wafanyakazi wengine nao wakamtenga, wakawa hawamwachii hata chai. Bhoke alinijia siku moja akiwa ameshika ndoo. "Sista Perusi, wewe ni rafiki yake. Mwambie mimi sijaendaga ofisini kwa yule mzee hata siku moja. Atakusikiliza wewe."

Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia.

Nyangeta alikuwa anakuja nyumbani kwangu karibu kila siku. Anakaa jikoni, tunachambua mchicha, ananieleza jinsi mume wake anavyonung'unika na jinsi mama yake asivyojua bado kwamba hana kazi. Rahel anamlalia mapajani, anamwita mama mdogo. Siku moja akanishika mkono. "Nashukuru wewe ulinyamaza, Perusi. Wangetufukuza wote wawili, nani angelisha watoto?"

Nikamkaribisha ugali. Ndicho nilichoweza. Aliona nimenyamaza akafikiri ni huzuni kwa ajili yake, akaanza kunibembeleza mimi!

Hali hiyo ilikwenda karibu miezi miwili. Kazini, kwenye sherehe ya Mei Mosi, waliniita mbele wakanipa cheti cha mfanyakazi hodari na blanketi. Wakapiga makofi. Nilitembea kutoka kwenye kiti mpaka mbele, nikapokea, nikarudi. Nilikuwa naona midomo ya watu inacheka na sisikii wanachosema.

Halafu mume wa Nyangeta akamshauri akate rufaa. Ili kukata rufaa alitakiwa apewe nakala ya faili lake. Akapewa.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, mimi ninafua uani. Niliona geti linafunguliwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, ameshika bahasha ya kaki. Rahel akamkimbilia. Akamkumbatia, akamwambia, "Nenda ndani, mwanangu, nizungumze na mama."

Akatoa karatasi mbili. Sikuhitaji kuziona vizuri. Mwandiko wangu naujua, na yeye anaujua tangu chuoni, alikuwa ananakili madaftari yangu.

"Nisomee hapa," akasema.

Nikabakiza mikono kwenye beseni. Akasoma mwenyewe. *Chanjo hizo zilitumika Rukuba siku ya Jumatano.* Akairudia mara mbili, taratibu.

Nikaanza kumweleza habari za wale watoto, za yule mama. Akanikatiza.

"Kwa watoto sikulaumu. Ulifanya vizuri kusema. Mimi nilitakiwa niseme kabla yako, na siku ile ulipopanda boti sikula, nilikuwa nakuwaza. Ungepita tu mlangoni kwangu ukaniambia, Nyangeta nakwenda kusema, ningenyanyuka twende wote. Naapa ningenyanyuka."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopaga. Lakini waliponiuliza nani alijua, nilijibu nini?"

Nikaanza kukamua nguo.

"Nauliza, nilijibu nini, Perusi?"

"Ulisema hakuna."

"Wewe ulishaandika kwamba ulijua Alhamisi. Ulikaa pale ukijua umeshajitoa, ukanisikiliza nakutoa tena." Akazikunja karatasi, akazirudisha kwenye bahasha. "Na Bhoke je? Nimemtukana yule mama wa watu mbele ya kanisa. Ukaniacha."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilitamani anipige. Alitazama nguo nilizokuwa nafua, akaniambia sabuni imeingia machoni, ninawe. Haikuwa sabuni, lakini hata hivyo nilinawa. Nilipoinua uso alikuwa ameshafika getini.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Bhoke kumwomba radhi. Bhoke mwenyewe ndiye aliyenieleza. Rufaa hakuikata. Angeweza kuniangusha kwa neno moja tu, aseme kwamba Perusi alijua tangu Jumatatu. Alilimeza.

Nilimpigia simu mpaka nikachoka. Alikuwa amerudi Nyasura kwa mumewe, nikamfuata huko mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili mume wake alisema hayupo. Mara ya tatu nilimwona mwenyewe kupitia dirisha, anapepeta mchele. Mume akaniambia tena hayupo, na nikaitikia kama vile nimeamini.

Baada ya hapo nilirudi kwa mganga mfawidhi, nikaomba karatasi. Safari hii niliandika, *Mimi Perusi nilijua tangu Jumatatu, na mimi ndiye niliyewachoma watoto wa Rukuba nikijua.* Nikarudisha na kile cheti. Mzee alisoma, akaiweka karatasi kwenye faili. Nikamwomba, kama nafukuzwa mimi, Nyangeta arudishwe.

"Mambo hayaendi hivyo, binti yangu," akasema. "Kosa lake ni lake, na lako ni lako. Na nafasi yake ilishapata mtu."

Niliitwa kwenye kamati kama yeye. Walisema kwa kuwa nilijileta mwenyewe mara zote mbili hawanifukuzi. Nilipewa onyo kali, nikashushwa cheo, nikahamishiwa zahanati ya kijijini, Bugwema, karibu na kwa mama yangu. Nilipofika, mama aliniuliza kosa langu ni lipi. Nikamweleza lote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Yule aliyemnyonyesha Rahel?" Kisha akainuka akaenda kutazama ng'ombe. Tangu siku hiyo hatujaligusa.

Mwaka jana mama yake Nyangeta alifariki. Nilipata habari kwa watu. Nilichukua pikipiki mpaka barabara kubwa, nikapanda gari, nikafika Butiama mazishi yameshaanza. Nilikaa nyuma na wanawake wa kijijini ambao hawanijui. Baada ya kuzika, wafiwa walipita kugawa chakula. Nyangeta alikuwa miongoni mwao, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, amekonda. Alifika kwenye mstari wetu na sinia.

Aliponiona hakushtuka. Akanipa sahani kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyompa mtu aliyetoka mbali.

"Karibu chakula, mama," akaniambia. "Pole na safari."

Mama... Hakuniita Perusi. Miaka ishirini ananiita Perusi.

Nikamwambia kwa haraka, kabla hajasogea, kwamba nilikwenda kuandika upya, niliandika ukweli wote.

"Nilisikia," akasema. "Ulifanya vizuri."

"Nisamehe, Nyangeta."

"Nilikusamehe siku nyingi. Kula, kisipoe." Akasogea kwa mwanamke aliyekaa kando yangu, akampa sahani kwa mikono miwili vilevile. Nilisubiri kuona kama atageuka, lakini hakugeuka. Nikala chakula chote, sikujua nakula nini, nikaosha mikono, nikaondoka.

Kumbe mtu anaweza kukusamehe na bado asikurudie. Hilo sikuwa nalijua.

Ndugu zangu mnaofanya kazi maofisini, hospitalini, shuleni, sisemi mfiche makosa ya rafiki zenu. Wale watoto wa Rukuba hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasemea, na kama ningerudishwa nyuma ningesema tena, tena ningesema Jumatatu ileile, sio Alhamisi. Lakini nawasihi, msiende kwa mkubwa kabla ya kupita mlangoni kwa mwenzenu mkamwambia uso kwa uso. Na mkipewa kalamu, andikeni na majina yenu. Mimi niliogopa kupoteza kazi nikamtanguliza rafiki yangu mbele. Kazi ninayo mpaka leo. Jioni nikitoka zahanati nashika simu nimweleze mtu habari za siku nzima... halafu naiweka chini, kwa sababu hakuna wa kumpigia.